Samaki wa Kukaanga wa Mama Hana

Dorkas anaishi Mwankoko, pembeni mwa mji wa Singida. Watu wanamwita mama Hana. Kila asubuhi hufagia uwanja, huwasha moto na kubandika uji. Zamani, baada ya uji, alikuwa anawaita kuku wake. Mwezi huu hana wa kuwaita. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilipita. Kiliondoka na kuku kumi na saba kwa siku nne. Mumewe, Laurenti, alikuwa amesema, "Tutawachanja wiki ijayo." Wiki ijayo ilipofika, hapakuwa na wa kuchanjwa.

Hasara hiyo ilikuja wakati mbaya. Kwa watu wa Singida, mgeni wa heshima hula kuku. Na mgeni wa heshima alikuwa njiani.

Hana, binti yao mkubwa, alitaka kuolewa na Zefania, fundi wa kuchomelea vyuma. Kwao Zefania ni Iramba, karibu na ziwa Kitangiri. Mama yake, Rebeka, alituma salamu kwamba Jumamosi atakuja kuiona familia. Akiridhika, mipango ya ndoa itaendelea. Asiporidhika, Zefania ataambiwa asubiri. Na kusubiri kwa mama huyo kunajulikana. Kaka yake Zefania anasubiri huu mwaka wa tatu.

Jumatano Laurenti aliongea na Rebeka kwa simu.

"Karibuni sana, mama Zefania," alisema kwa sauti kubwa. "Mtakula samaki wa kukaanga! Wale wa kuvikwa unga, wanaolia mdomoni!"

Dorkas nusura aangushe sufuria.

"Baba Hana! Samaki? Wale watu wamekulia ziwani! Na huyo samaki wa unga mimi sijawahi kumpika."

"Niliwahi kumla hotelini mjini," Laurenti alisema. "Ni samaki na unga tu. Kitakushinda nini?"

Mwanaume aliyekula mara moja hotelini hujiona mpishi. Dorkas aliiweka sufuria chini. Neno lilikuwa limeshatoka.

Alhamisi alienda sokoni akanunua sato wawili. Akaamua kujaribu mapema. Aliwaosha, akawakata vipande, akavitumbukiza kwenye unga wa ngano uliokorogwa. Samaki walikuwa bado wanachuruzika maji. Mafuta yalikuwa ya alizeti yao wenyewe, yaliyokamuliwa mashineni asubuhi hiyohiyo. Alijaza karai, akasubiri kidogo tu, akamimina vipande vyote kwa pamoja.

Povu likaanza kupanda. Likapanda kama maziwa yanayochemka, likamwagika kwenye mkaa. Moto ukaruka juu, ukaingia ndani ya karai.

"Maji! Hana, lete maji!" Dorkas alipiga kelele.

Hana akachota kata iliyojaa.

"Usimwage! Usimwage maji!"

Sauti ilitoka upande wa pili wa ua. Alikuwa mzee Calist, jirani yao. Aliingia mbiombio, akachukua sinia kubwa la bati, akalitelezesha juu ya karai mpaka likafunika lote. Kisha akaziba mlango wa hewa wa jiko. Moto ukafa.

"Shikamoo, babu," Hana alisema, kata bado mkononi.

"Marahaba, mjukuu wangu. Weka hiyo kata chini kwanza."

Walipopumua, mzee aliwaeleza. "Mafuta yakiwaka, maji ni adui. Ukiyamwaga, mafuta yanaruka na moto wake, yanakuchoma uso na nyumba. Funika. Mnyime moto hewa. Na karai msiliguse mpaka lipoe kabisa."

Mzee Calist alipika miaka ishirini na sita kwenye behewa la chakula la treni ya reli ya kati. Alipostaafu alikaa Itigi, kisha akahamia kwa binti yake hapa Mwankoko. Karai lilipopoa, alifunua akachungulia. Unga ulikuwa upande mmoja, samaki upande mwingine.

"Hawa wameachana," alisema.

Dorkas alicheka, ingawa moyo ulikuwa mzito. Akamweleza habari ya mama Zefania na simu ya mumewe.

"Kesho saa tisa nitakuja," mzee alisema. "Nunua samaki mwingine. Mwambie muuzaji akutolee minofu, mifupa abaki nayo."

Ijumaa saa tisa kamili alifika, amevaa aproni nyeupe ya zamani. Alianza kwa kunusa mafuta.

"Haya ni ya jana?"

"Ndiyo."

"Yaweke pembeni. Yakitoka mashineni yanakuwa na mashapo na majimaji. Ndiyo maana yalifanya povu. Yaache siku kadhaa yatulie, halafu uchuje kwa kitambaa safi."

Dorkas alikuwa na dumu la mwezi uliopita. Mafuta yake yalikuwa yametulia, yanang'aa. Wakayachuja. Mzee aliyamimina kwenye karai, akaishia katikati.

"Hayazidi nusu. Mafuta yanahitaji nafasi ya kupanda."

Kisha wakashika samaki. Waliikata minofu vipande vya upana wa vidole vitatu, wakatia chumvi, limao na kitunguu saumu. Baada ya robo saa, mzee alidai kitambaa safi.

"Mkaushe."

"Lakini babu, si anaingia kwenye unga wa maji?"

"Mkaushe kama mtoto aliyetoka kuoga. Unga haushiki mwili wenye maji. Ukishamkausha, mpake unga mkavu kidogo. Huo ndio unaoshika unga wa maji."

Hana alikuwa anaandika kwenye daftari. Unga wa ngano kikombe kimoja. Unga wa muhogo robo kikombe, ili ganda liwe gumu. Kijiko kimoja cha chai cha beking pauda, na chumvi kidogo. Maji yalitoka kwenye mtungi, ya baridi kabisa. Dorkas alishika mwiko akaanza kuusonga ule unga kwa nguvu.

"Mama Hana, huo si ugali!" mzee alimzuia. "Koroga kidogo tu. Vibonge vidogo havina neno. Ukiusonga sana unakuwa kama mpira. Uwe mzito wa kushika kijiko, lakini uchuruzike."

"Nitajuaje mafuta yamepata moto?"

"Dondosha tone la unga. Likizama likakaa chini, bado. Likipanda haraka na mapovu madogo, tayari. Ukiona moshi, umechelewa. Punguza moto."

Tone la kwanza lilikaa chini. Wakasubiri. La pili lilipanda. Mzee aliweka vipande vitatu tu, kimoja kimoja, akivilaza kuelekea mbali na mwili wake ili mafuta yasimrukie.

"Ukijaza karai, mafuta yanapoa. Yakipoa, samaki anayanywa."

Dakika tatu upande huu, dakika tatu upande wa pili. Vikatoka na rangi ya asali. Mzee alimegua kimoja kuhakikisha nyama ya ndani imekuwa nyeupe yote. Kikalia kru! Hana alirukaruka. Dorkas alionja akafumba macho. Nje kulikuwa kukavu, ndani laini. Alimshukuru mzee mara tano, akamfungia vipande viwili vya kwenda navyo.

Sasa, Laurenti alikuwa bado shamba. Dorkas alitaka ayakute maajabu yakiwa ya moto. Akachukua hotipoti yake ya maua, ile ya wageni, akapanga samaki ndani na kufunga kifuniko mpaka kikalia tik.

Saa kumi na mbili Laurenti alirudi, akanawa, akaketi. Dorkas alifungua hotipoti kwa madaha. Mvuke ukatoka. Samaki walikuwa wamelala humo wamelegea, na ganda limekuwa kama chapati iliyolowa chai.

Laurenti aling'ata. Kimya.

"Analia wapi?" aliuliza.

"Alilia saa kumi," Dorkas alijibu, na sasa aliyetaka kulia alikuwa yeye.

Aliikumbatia hotipoti mpaka kwa mzee Calist.

"Babu, tazama! Kesho mama Zefania anafika. Nitamwambia nini?"

Mzee alichungulia, akacheka mpaka akakohoa.

"Mama Hana, samaki wa moto anatoa mvuke. Ukiufungia, unageuka maji. Maji yanaingia kwenye ganda. Mweke juu ya waya au chekecheke, hewa ipite chini na juu. Usimfunike. Na aende mezani akitoka kwenye karai."

"Wageni wakae wanasubiri? Kwetu mgeni anakuta chakula tayari, kimefunikwa. Ndiyo heshima!"

"Ugali ufunike. Mboga ifunike. Samaki hajui mila."

Nyumbani Laurenti alikataa kabisa. "Meza itakuwa na sahani tupu! Watasema tuna njaa."

Dorkas aliiweka hotipoti kando. Aliogopa. Lakini alikuwa amekwisha kuona kwa macho yake.

"Wewe uliahidi samaki anayelia," alisema. "Mimi nitampika alie."

Jumamosi saa saba wageni walifika. Mama Rebeka alikuwa mrefu, mwenye maneno machache. Alikuja na shemeji yake, Philipo. Walisalimiana kwa kirefu, wakanawa mikono, wakaombea chakula. Laurenti akafunua ugali. Akafunua mlenda. Kisha sahani kubwa, nyeupe, tupu. Rebeka aliitazama sahani, halafu akatazama dari. Laurenti alianza kutoka jasho.

Dorkas aliingia akapiga goti.

"Mama Zefania, naomba radhi. Samaki wamekaushwa na unga uko tayari, ila sijawakaanga. Nimewasubiri ninyi makusudi. Samaki wakifunikwa, wanalainika. Naomba mnipe dakika kumi."

Rebeka alimgeukia.

"Umeniita kula, na chakula hakijaiva?" Rebeka aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Jiko liko wapi?"

Rebeka aliinuka akamfuata mpaka jikoni, akaketi kwenye kigoda. Hana alipiga magoti. "Shikamoo, mama." Rebeka aliitikia, macho yake yakiwa kwenye karai, ambamo Hana alianza kulaza vipande.

"Mbona unaweka vitatu tu? Sisi tuko wengi."

"Nikijaza, mama, mafuta yatapoa," Hana alijibu. "Samaki atayanywa."

"Na hilo sinia la nini?"

"La kufunikia moto ukiruka. Maji hatumwagi."

Rebeka aliinama kutazama karai. Vipande vitatu vilitoka vikawekwa juu ya chekecheke. Alichukua kimoja kwa vidole, akakipuliza, akang'ata. Kru! Laurenti, aliyekuwa amekaa sebuleni, aliusikia mlio akasimama kabisa.

Rebeka alitafuna taratibu. Akachukua cha pili kabla hajamaliza cha kwanza.

"Nimekula samaki tangu sijaota meno," alisema. "Wa kuchemsha, wa kubanika, wa kukausha. Huyu sikuwa namjua." Akamgeukia Dorkas. "Wewe ungeweza kunipa aliyelainika kwenye chombo kizuri, nami ningekula ninyamaze. Umepiga goti ukaniambia ukweli. Mtoto aliyelelewa hivi namtaka."

"Jamani, na sisi tupo huku!" Philipo aliita kutoka sebuleni.

"Subirini! Samaki huyu hangoji mtu, ninyi mnamngoja yeye," Rebeka alimjibu. Akakunja mikono ya gauni, akasogeza kigoda karibu na bakuli la unga. "Haya, mkwe mwenzangu. Nionyeshe unavyokoroga."

Dorkas alilisikia neno hilo. Machozi ya furaha yalimlenga. Akayafuta kwa mgongo wa mkono, akampa mkwe wake kijiko.

"Kidogo kidogo tu, mkwe wangu," alisema. "Huo si ugali."