Usimjibu Anayepima Maji

Mimi sipendi mtu anayezungumza polepole. Nikikaa mbele yake, miguu inaniwasha. Mama aliniambia kila mara, "Wivine, haraka yako itakufikisha fasi hukupanga kufika." Nilikuwa ninacheka tu.

Ijumaa ile alinituma Lubunga, ng'ambo ya mto, saa kumi na moja jioni. Nilikuwa na gauni mbili za wateja bado kwenye mashine ya kushona, na sikutaka kwenda. Lakini kesho yake tulikuwa tunamzika papa, baba yangu, na kitu cha kuzika kilikuwa kule.

Papa yangu, Kataliko, alikuwa askari wa maji. Sisi Wanande tunajulikana kwa biashara, na ndugu zake hawakuchoka kumtania. Munande gani anaacha duka anaenda kulala ndani ya mashua? Kazi yake ilikuwa sondeur, maana yake mpima-maji. Alisimama mbele kabisa ya mashua ya doria na mti mrefu wenye pete nyekundu na nyeupe. Anauchomeka mtoni, anasoma kina, anatoa namba kama anaimba. Tatu... tatu... mbili na nusu... Nahodha nyuma anajua wapi kuna mchanga. Vita ya mwaka wa tisini na nane ilipoanza, walishuka mto kuelekea Isangi. Wenzake walirudi. Yeye hakurudi. Nilikuwa na miaka saba.

Mama alikataa matanga. "Mwili hakuna, nitalilia nini?" Kila Krismasi alipiga pasi shati ya papa na kuitundika tena. Miaka ishirini na saba. Mwaka huu miguu yake ikavimba, akashindwa kutembea, akaanza kuzungumza na ukuta. Daktari hakuona ugonjwa. Ndipo Sista Augustine wa parokia yetu akamwambia: kama mwili hakuna, zika kitu chake, roho yako ipumzike. Mama alifikiri wiki nzima. Kisha akasema, "Mti wake uko kwa Alphonse."

Tonton Alphonse, mzee niliyemwita mjomba tangu utoto, ndiye aliyekuwa nahodha wa mashua ile.

Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, ameketi, amegeuzia mto mgongo. Mti ulikuwa umefungwa kwa waya chini ya bati, mkavu, umejaa vumbi.

"Mama iko namna gani?"

"Iko, tonton. Ni miguu tu."

"Nani alikuambia niko na mti?"

"Mama."

Aliinua macho kwenye mti. "Sikumuambiaka mama yako," akasema.

Nikafikiri uzee. Nikaanza kufungua waya mwenyewe. Yeye akaendelea, polepole, neno moja halafu pumzi.

"Huu mti hatukurudi nao. Papa yako alibaki nao ku mayi. Mashua ilipanda muchanga, magaribi, akashuka kusukuma. Ikatoka. Wakati ile ile wakatupiga masasi ya bunduki kutoka pori. Nikaondoa mashua. Yeye iko mu mayi anapima, anahesabu, anangoja nimujibu. Sikumujibu. Kama ningefungua kinywa, wangetuua wote."

"Na mti ulifika aje?"

"Kisha myezi tatu. Asubuhi nafungua mulango, uko pale."

Isangi iko chini, mto unashuka kwenda kule. Hakuna mti unaopanda maji peke yake. Lakini jua lilikuwa linaanguka na mimi nilikuwa na gauni mbili kwenye mashine.

Akanishika mkono. "Sikia, mutoto. Kama unasikia mutu anahesabu ku mayi, usimujibu. Bon... na kama unashindwa, kama ni lazima, sema neno moja tu. Ku mashua tulikuwa na maneno mbili. Moja ni..." Akakohoa. Akatafuta kitambaa mfukoni. Akakohoa tena.

"Tonton, mitumbwi itaisha. Utanielezea kesho ku matanga."

Nikaweka mti begani nikaondoka. Alikuwa bado ananiita.

Mpiga kafi wa mwisho aliitwa Merdi, mtu wa makamo, si wa maneno mengi. Aliuangalia ule mti muda mrefu kabla hajaniruhusu kuulaza ndani ya mtumbwi. Tukatoka. Mto ulikuwa kimya. Majani yalielea, yakapita. Tulipofika katikati nikasikia harufu ya mazuti, mafuta ya dizeli. Hakukuwa na mashua ya moteri popote. Ile ilikuwa harufu ya shati za papa siku za kurudi kazini.

"Tatu..."

"Umesema?" nikamwuliza Merdi.

"Sijasema kitu."

Akaanza kupiga kafi kwa nguvu.

"Tatu..."

Ilikuwa nyuma yetu, si mbali. Sauti ya mwanamume, ya chini, inavuta namba. Kisha kimya. Kimya cha mtu anayengoja.

"Mama, usigeuke," Merdi akanong'ona.

Sikugeuka. Nikaweka mkono juu ya mti ili usigongegonge. Ulikuwa umelowa. Mtumbwi ulikuwa mkavu chini, na mti ulikuwa umelowa mpaka pete ya sita. Kila pete ni nusu mita. Papa alinifundisha mwenyewe.

"Mbili na nusu..."

Nikahesabu kwa vidole gizani. Pete ya tano. Maji yaliishia pale, ile ya sita ilikuwa imekauka.

Pale katikati ya mto hata mti ule hauwezi kugusa chini. Basi huyu alikuwa amesimama juu ya nini?

Niseme ukweli, hofu haikunishika. Ni uchungu ulionishika. Papa alinifundisha kuhesabu kwa mti ule, katika uwanja wetu. Alitembea mbele anatoa namba, mimi nyuma yake nimekaa juu ya kigoda, nahodha. Hakuchukua hatua nyingine mpaka nimemjibu. Na sasa alikuwa ananyamaza vilevile, anangoja vilevile, na watu walikuwa wamemnyima jibu miaka ishirini na saba. Mtoto gani anasikia papa yake anaita, anakaa kimya?

"Mbili..."

"Funga kinywa, mama. Nakuomba."

"Nasikia, papa," nikasema.

Kila kitu kikanyamaza. Harufu ikaondoka. Merdi aliacha kupiga kafi, akafanya alama ya msalaba, na tulipofika ng'ambo hakutaka hata kunipa mkono nishuke.

Jumamosi tukazika. Sista Augustine aliongoza sala, wanawake wakaimba, mti ukalala ndani ya shimo lake chini ya msalaba wenye jina la papa. Mama alilia kama anavyopaswa kulia mjane. Kisha akaomba pondu na samaki, akala sahani nzima, akalala bila kusema na ukuta. Nilifurahi sana. Nikajiambia, Wivine, umefanya vizuri.

Tonton Alphonse alifika tumeshafukia. Alinivuta pembeni.

"Ulimusikia?"

"Nilimsikia."

"Ulimujibu?"

"Nilimjibu."

"Ulisema nini?"

"Nilisema nasikia. Kama tulivyochezaka na yeye nikiwa mdogo."

Mzee aliketi chini, kwenye udongo, na koti lake la sherehe.

"Neno nilitaka kukupa ni 'yatosha'," akasema. "Nahodha akisema yatosha, sondeur anainua mti, kazi imeisha, anaenda kulala."

"Na nasikia?"

"Nasikia ni kusema endelea. Tuko nyuma yako." Akafuta uso. "Tunakufuata."

Tangu siku ile sijamaliza hata gauni moja. Kila jioni nachukua baiskeli ya toleka, ile ya kubeba abiria, mpaka mtoni, nasimama kwenye tope, napiga kelele: yatosha, papa, yatosha. Wanaouza samaki wananiangalia. Majani yanapita. Hakuna anayejibu. Nilichelewa kuelewa kwa nini. Nilikuwa namwita mtoni, na yeye alikuwa ameshatoka mtoni.

Miguu ya mama ilipona wiki hiyohiyo. Majirani wakamshukuru Mungu. Shangazi yangu Nadia akaleta kuku. Mimi ndiye ninayefua mashuka ya mama, na asubuhi nayakuta na mchanga upande wa miguu, ule mchanga mweupe wa mtoni. Nilimwuliza. Akacheka, akaniambia nianze kulala mapema.

Jana nilirudi kutoka mtoni koo limekauka. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Nikasimama uwanjani natafuta ufunguo.

Mazuti.

"Moja..."

Ilitoka kwenye lango.

"Yatosha, papa," nikasema. "Yatosha. Inua mti. Kazi imeisha."

Kimya kile cha kungoja. Hakikuwa kinaningoja mimi.

"Nusu..."

Chini ya dirisha la mama.

Nikakimbia ndani. Mama alikuwa ameketi juu ya kitanda, amevaa kitenge chake cha misa, shati ya papa imekunjwa juu ya mapaja. Nilimrukia nikamziba kinywa kwa mikono miwili. Hakupigana nami. Aliutoa mkono wangu kidole kimoja kimoja, kwa upole, na vidole vyake vilikuwa baridi, vimelowa. Akageukia dirisha.

"Nasikia," akasema mama. Sijawahi kumsikia na sauti tamu hivyo.

Leo nimefunga milango yote tangu mchana. Ufunguo uko shingoni mwangu. Nilimtuma mtu kwa tonton Alphonse aje amwambie papa lile neno mwenyewe, yeye ndiye nahodha. Mtu huyo amerudi peke yake. Amesema kiti cha mzee kiko tupu, kimegeuzwa kuangalia mto, na chini yake pamelowa.

Saa kumi na moja imepita. Kule kaburini udongo umeinuka, kama unavyoinuka mtu akichomoa mhogo. Nimeona mwenyewe asubuhi, na sikumwambia yeyote.

Mama anavaa viatu. Anafunga kamba bila haraka, kwanza kimoja, kisha kingine. Nimemwambia haendi popote. Nimelia, nimepiga magoti. Amenipangusa machozi kwa shati ya papa. Ananishangaa kidogo, kama mtu anavyomshangaa mtoto anayesahau ahadi yake.

"Wivine," anasema, polepole sana, "na weye vaa viatu. Si ni weye ulimuambia tunamufuata?"