Breki za Boito

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, rafiki yangu Cheptoo aliwasha mashine yake kwao Boito. Ni kifaa cha kutuliza umeme wa treni, mradi wake wa chuo. Alhamisi angeuonyesha kwa walimu. Umeme ukiyumba siku hiyo, angerudia mwaka.

"Reli iko wapi hapa?" mjomba wake Kiptum alifoka. "Zima hiyo takataka, ama urudi kuchuna majani!"

Ukungu ulikuwa umefunika mashamba ya chai. Waya wa kutolea umeme haukuwa umeunganishwa na chochote, lakini mashine ikaanza kuvuma, na mshale wa mita ukapanda polepole, kama treni inapovuta umeme ikikwea mlima. Kisha ukashuka chini ya sifuri. Ndivyo inavyokuwa treni inapofunga breki: hurudisha umeme kwenye waya. Huko nje, mbwa aliyekuwa akibweka akanyamaza ghafla.

"Anko, umesikia?"

"Nimesikia. Umeita nini kwangu?"

Cheptoo akachomoa plagi.

Asubuhi aliitia mashine kikapuni, akakatisha katikati ya mashamba ya chai kwenda stejini kupanda matatu. Kila aliposimama, ilivuma bila plagi, na mshale ukashuka chini ya sifuri, kana kwamba treni iliyomfuata nayo ilifunga breki.