Kipa wa Chechelesi na Maneno Chini ya Picha

Watu wa Chechelesi, na nyinyi wa Burat mnaopenda kusikia ya kwetu, sogeeni. Mimi ni Koome, yule kijana mnayemjua kwa domo. Nilimaliza kidato cha nne mwaka juzi, na kazi niliyoipata haraka ni ile isiyo na mshahara: kutunza ukurasa wa mtandaoni wa Chipukizi, timu yetu ya wasichana wa chini ya miaka kumi na tatu. Mara nyingi nawachekesha. Leo mtacheka kidogo mwanzoni, halafu mtaacha wenyewe.

Ilikuwa Alhamisi, jua limepoa. Uwanja wetu mnaujua: upande mmoja mawe, upande mwingine mbuzi, goli moja lina nyavu na lingine lina imani tu. Langoni alisimama Amran, miaka kumi na miwili, mwembamba kama kijiti cha mswaki, lakini mpira ukifika kwake haurudi bila ruhusa. Nyuma ya goli, juu ya mtungi wa plastiki uliopinduliwa, aliketi nyanya yake, Akko Kabale. Akko ni nyanya kwa Kiborana, na sisi sote tunamwita hivyo, hata mimi Mmeru. Mamake Amran anauza mbuzi Garbatulla na huja nyumbani mara mbili kwa mwezi. Siku zingine nyumba ni ya hao wawili, mzee na mtoto, na walikuwa wanaishi kwa raha.

Hapo akatokea mtu mwenye kamera kubwa shingoni.

Mazoezi yalisimama. Mbuzi pia, naapa. Kirigia, baba wa mshambuliaji wetu, alikunja mikono ya shati. Akko aligeuka juu ya mtungi wake akamkagua yule mtu kutoka viatu hadi kofia.

"Wewe ni wa nani?" akauliza.

"Naitwa Ekitela, mama. Natoka Burat. Kocha Jennifer ameniita nipige picha za mashindano."

"Sikuuliza jina. Nimeuliza wewe ni wa nani."

Swali hilo, ndugu zangu, ndilo lango la nyumba ya Akko. Asiyeweza kutaja baba, babu na mahali mifugo yao ilipokunywa maji hapewi hata chai. Kwa miaka sabini limemfukuzia wezi na matapeli. Ekitela, Mturkana asiye na ukoo kwa Akko, akarudia tu kwamba ametoka Burat. Akko akampa mgongo.

Ekitela alionyesha karatasi ya kocha. "Napiga timu nzima. Mtoto mmoja mmoja, mpaka mzazi atie sahihi. Na majina siandiki."

"Buda," nikamwambia kwa sauti watu wasikie, "unapiga picha ama unaandika wosia?"

Wakacheka mpaka wengine wakashika magoti. Kirigia alisimama nyuma ya yule mtu jioni nzima, akichungulia begi lake kama askari wa mpakani. Na wakati macho yote yalikuwa kwa Ekitela, mimi nilitoa simu yangu yenye kioo kilichopasuka nikapiga picha arobaini za Amran. Akiruka. Akifunga viatu. Akiwa na Akko, kiganja cha nyanya kikiwa kichwani pake. Hakuna aliyeniuliza kitu, kwa sababu mimi ni Koome, mtoto wa hapa.

Picha bila maneno sikuzipenda. Nikaandika. Hii hapa mojawapo, ilinipatia vicheko mia mbili: "Amran, simba jike wa Chechelesi! Mama yuko Garbatulla anahesabu mbuzi, Akko Kabale ndiye mlinzi. Kila siku saa kumi na moja utamkuta Amran kwenye kisiagi cha Kiugu akisagisha mahindi. Kipaji ni cha ukoo: marehemu babu Gollo alidaka Garbatulla ujanani, goli la miti ya kubebea mizigo ya ngamia!"

Nitawaambia ukweli sasa maana baadaye utauma. Hilo la Gollo kudaka nililitunga. Sikuwahi kumwona Gollo. Nilitaka tu picha ichangamke.

Baada ya wiki moja nikaona mtu mmoja akipenda kila picha ya Amran. Za timu nzima anaziruka. Picha yake mwenyewe ilikuwa mpira tu, bila uso. Akauliza hapo chini: "Huyu kipa ana miaka mingapi?" Nikajibu mbio, kwa ucheshi wangu: "Kumi na miwili, lakini akidaka ana thelathini!" Akauliza tena kama kuna namba ya nyumbani, kwa ajili ya ufadhili. Nikampa namba ya Akko. Mimi, kwa vidole hivi.

Kuanzia hapo mambo madogo yakaanza kunikera, na sikuyapa jina. Amran aliyekuwa akipiga kelele langoni akawa anaangalia barabara. Kila gari likipita, shingo inageuka, mpira unapita. Kocha Jennifer akamuuliza kuna nini, akasema hakuna. Siku moja akanivuta pembeni.

"Koome, Nyahururu ni mbali?"

"Ukienda kwa miguu, utafika ukiwa nyanya. Kwa nini?"

"Nauliza tu." Halafu akaongeza, "Usimwambie kocha nimeuliza."

Nikacheka. Ndugu zangu, mtoto akiomba mtu mzima fulani asijue jambo, si saa ya kucheka. Lakini nilicheka.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi na nusu hivi, nilimpelekea Akko ile picha yake na Amran, nimeichapisha. Nyumba ilinukia uvumba. Akko amevaa dirac mpya, lile gauni refu jepesi, chupa mbili za chai ziko mezani, na yeye anang'aa kama mtu wa harusi.

"Salaam aleikum, Akko. Leo kuna nini, unaolewa?"

"Aleikum salaam, mjinga wewe! Leo mtu wetu anakuja. Ganya. Mtoto wa ndugu ya Gollo. Yeye ni kocha huko Nyahururu, anachukua Amran shule ya mpira. Atamchukua pale kisiagi, halafu kuja hapa kunywa chai, halafu safari."

"Mbona amchukue kisiagi? Si aje hapa kwanza?"

"Hajui nyumba. Kisiagi anajua."

Nikaiweka picha mezani. "Mama ya Amran anajua?"

"Ganya amesema tutampigia wakifika. Iwe furaha ya ghafla."

"Na kocha Jennifer?"

"Huyo ana wivu, Ganya amesema." Akko akanitazama kwa jicho kali. "Wewe unafikiri mimi mtoto? Nilimuuliza kwa simu: wewe ni wa nani? Akajibu yote! Jina la Gollo. Jina langu. Mbuzi wa Garbatulla. Na tena," sauti yake ikalainika, "aliniambia kitu hata mimi sikujua. Gollo alikuwa kipa. Kabla hajanioa. Goli la miti ya ngamia. Miaka arobaini nilikaa na huyo mzee, hajaniambia! Hiyo mtu wa nje angejuaje?"

Miguu ilikuwa imeshatoka nje.

Nilikimbia vile sijawahi kukimbia, slipa moja ikabaki njiani. Kisiagi cha Kiugu kilikuwa kinanguruma. Mbele yake, Amran ameketi juu ya gunia na begi lake la shule. Gari la kijivu limesimama, injini haijazimwa, mlango wa nyuma uko wazi. Mwanamume mwenye kofia iliyoshushwa machoni alikuwa amenyoosha mkono kupokea begi.

"Panda haraka, Amran, Akko anatungoja," alikuwa anasema, kwa sauti tamu kabisa.

"Amran!" nikapayuka. "Usipande! Kiugu! Kiugu, toka nje!"

Kiugu akatoka, nyusi nyeupe kwa unga. Yule mtu hakubisha wala hakuuliza mimi ni nani. Ndugu wa kweli angenitukana. Yeye alifunga mlango akaondoka, vumbi likatufunika. Bamba la namba lilikuwa limepakwa matope. Matope, ndugu zangu, na Isiolo hatukuwa tumeona mvua miezi mitatu.

"Nilimwona," Kiugu akasema. "Nimemwona robo saa nzima. Lakini alimwita kwa jina. Nikajua ni wa kwao."

Amran alikuwa anashika gunia kwa vidole vyote kumi. "Alijua kila kitu, Koome," akasema. "Alijua mpaka babu."

Kocha Jennifer alitupeleka kituoni, tukaandikisha taarifa, nikaacha simu yangu ichunguzwe. Ile namba iliyompigia Akko ilikuwa imezimwa. Mpira usio na uso ulikuwa umefutwa. Mpaka leo hakuna aliyekamatwa, na mpaka leo sijui kama yule mtu yuko mbali au ananunua miraa nyuma yangu kwenye foleni.

Ekitela, yule niliyemcheka, ndiye aliyekuja kuketi nami kufuta ukurasa, picha moja baada ya nyingine. Nikamuuliza kama sasa zimeisha. Akasema, "Zako zimeisha. Zilizochukuliwa zimechukuliwa."

Mamake Amran aliacha biashara yake Garbatulla akarudi nyumbani. Amran hakukanyaga uwanja muhula mzima. Gari la kijivu likipita, hata la mwalimu, anajificha nyuma ya dirac ya nyanya yake.

Ilibaki Akko. Nilienda nikaketi chini, nikamwambia: lile la Gollo kudaka, niliandika mimi. Ni uongo. Nilikuwa natafuta vicheko.

Alikoroga chai yake mpaka ikapoa.

"Nilikuwa nimeanza kumwona," akasema mwishoni. "Kijana, amesimama katikati ya miti miwili. Kila usiku nilikuwa namwona." Akageuza uso. "Futa hiyo pia."

FUNZO

Wazazi, makocha, na nyinyi vijana wenzangu wenye simu: tulimlinda mtoto dhidi ya kamera tukamwacha kwa maneno. Anayekuja na kamera kubwa na karatasi mkononi, mchunguze, ni haki yako. Lakini mchunguze pia Koome wa hapo kwenu. Picha ya timu nzima inatosha kuonyesha furaha. Jina la mtoto, mahali anapopita, saa anayopita na nani hayuko nyumbani si mambo ya kuandika chini yake. Usipige mtoto wa mwenzako picha kabla mzazi na mtoto mwenyewe hawajakubali, na mtoto akisema hapana, hiyo ni hapana kamili. Mtu akijua mengi kuhusu nyumba yako, usiseme basi ni ndugu. Uliza ameyajulia wapi. Na yeyote anayemwambia mtoto "kocha asijue, mama asijue", mripoti siku hiyohiyo, kituoni au kwa simu ya watoto, 116, ambayo hailipiwi.

Amran amerudi langoni mwezi huu. Akko amerudi kwenye mtungi wake. Juzi nilitoa simu mfukoni, na wallahi nilitaka kuangalia saa tu. Akko akageuka polepole, akanikagua kutoka viatu hadi kofia, mimi niliyekula ugali wake tangu nikiwa mtoto.

"Wewe kijana," akasema, "wewe ni wa nani?"

Nikairudisha mfukoni.