Mkwaju Chini ya Taa ya Cherehani

Kabla ya kukanyaga pedali ya cherehani yake, Fundi huwasha taa kwanza. Ni taa ya shingo ndefu iliyobanwa kwenye meza. Huiinamisha mpaka karibu iguse kitambaa, kisha hutunga uzi kwenye sindano. Uzi ukipita mara moja, anajua mwanga unatosha.

Siku hizo mezani palikuwa na mgeni. Ulikuwa mkwaju, lakini si ule wa kukaa chini yake ukapata kivuli. Huu ulikuwa ndani ya chungu kipana kama sinia, na kimo chake hakikuzidi cherehani. Shina lilikuwa nene, limejipinda, lina makovu kama mti wa kale. Miti ya namna hii huitwa bonsai. Mwenyewe huipunguza mizizi na matawi mwaka hadi mwaka, ikazeeka bila kurefuka.

Mkwaju ulikuwa wa wifi yake, dada wa mumewe. Aliupanda marehemu baba yao. Mzee yule hakuacha shamba wala nyumba. Aliacha mti ule tu, na wifi aliutunza kama mtoto.

Siku alipouleta, wifi alikuwa safarini kwenda kwa binti yake aliyejifungua.

"Wifi, mti wa baba nakuachia wewe," alisema. "Kaka yangu simwamini. Huyo hata viatu vyake husahau amevivua wapi."

"Nimekusikia," kaka mtu alijibu kutoka jikoni.

"Nimesema ili usikie. Sasa wifi, uwe machoni pako. Upate mwanga wa kutosha, na maji usiusahau."

Fundi alilishika kila neno. Machoni pake ni wapi kama si kwenye cherehani? Na mwanga wa kutosha nyumba nzima uko wapi kama si chini ya taa yake? Basi akauweka hapo. Taa ikawaka kutwa, na usiku pia, mti usije ukakaa gizani.

Haukupita muda mrefu, majani yakaanza kuwa manjano. Yakawa yanadondoka juu ya nguo za wateja. Vikachipua vijiti vyembamba, virefu, vyeupe kama vimekosa damu, vyote vimeinamia taa. Fundi alidhani mti una kiu. Akaongeza maji asubuhi, akaongeza na jioni. Majani yakazidi kudondoka.

Mumewe alikuwa mwoka mikate. Alirudi mchana, unga umemganda kwenye nyusi.

"Mama watoto, mti unanyonyoka kama kuku."

"Nyamaza. Dada yako kapiga simu, anarudi mwezi ujao. Akiukuta hivi nitauweka wapi uso wangu?"

"Uweke hapo hapo chini ya taa, utang'aa."

Fundi hakucheka. Alishika tama, akautazama mti. Nguo iliyoharibika huweza kufumuliwa ikashonwa upya. Mti wa marehemu haufumuliwi.

Alasiri ile jirani wa ghorofa ya chini alikuja kuchukua suruali yake. Alikuwa mpiga picha, na mtaa mzima ulimwita Flashi. Alipouona mkwaju, aliisahau suruali.

"Fundi, huyu mgonjwa amelazwa hapa tangu lini?"

"Usinitanie, mwanangu. Nimeupa kila kitu. Maji unapata, mwanga unapata. Mimi hapa natunga uzi bila hata miwani."

Flashi alichukua kichipukizi kimoja, akakitazama. "Hapo ndipo ulipodanganyika. Jicho la mtu huzoea. Ukiwa ndani linajifungua, ukitoka nje linajibana. Kwako wewe kote kweupe. Jani haliwezi kufanya hivyo. Jani hutengeneza chakula chake kwa mwanga. Mwanga ukiwa haba, linalala njaa."

"Taa yote hii, njaa?"

"Ngoja nikuonyeshe."

Alishuka kwake, akarudi na kifaa kidogo chenye mshale. Kilikuwa cha kupimia mwanga wakati wa kupiga picha. Alikishika palepale mti ulipo. Mshale ulitikisika kidogo, ukatulia. Akakipeleka dirishani. Mshale ukapanda. Kisha alifungua mlango wa kibaraza cha nje, akakishika juani. Mshale ukaruka mpaka mwisho.

Fundi alikichukua kifaa, akarudia mwenyewe. Ndani, dirishani, nje. Akarudia tena.

"Kumbe nimeuweka mti wa watu kwenye ndoo ya giza," alisema polepole.

"Na maji nayo umezidisha. Mti usiopata mwanga hunywa kidogo. Udongo ukilowa kila siku, mizizi inaoza."

"Basi umekufa?"

Flashi alikwangua tawi la chini kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa pakavu, rangi ya udongo. Fundi alishika kifua. Flashi akakwangua tawi la juu, kisha shina. Kijani kibichi kikatokea.

"Tawi moja limekwenda. Mengine yako hai."

Fundi akaubeba mkwaju hapohapo, akaelekea kibarazani. Flashi akamwekea mkono mlangoni.

"Fundi, taratibu. Jua kali la ghafla litaubabua. Anza na jua la asubuhi tu, kisha urudi kivulini. Ukishazoea, uuongezee kidogo kidogo."

"Sawa. Lakini wewe nilikuona na mti kama huu chumbani kwako. Kile chumba hata dirisha hakina."

Flashi alicheka. "Wangu ni mtini wa mapambo, wenye majani mazito. Huo huvumilia ndani. Mkwaju ni mtoto wa jua na upepo. Hata mtini wangu siuachii taa ya kawaida. Nina taa nyeupe zenye nguvu, zisizo na joto kali, nimezifunga juu yake shubiri moja tu. Ukiisogeza taa mbali, mwanga hupungua sana. Nawasha asubuhi, jioni nazima."

"Usiku unazima?"

"Miti nayo hulala. Hujaona majani ya mkwaju yakijikunja jioni?"

"Nilidhani yanaumwa," Fundi alisema. "Ndiyo maana nikawa nauangazia."

Mumewe alicheka mpaka unga ukamdondoka kwenye nyusi. Safari hii Fundi naye alicheka.

Siku ile alizima taa. Alilikata tawi kavu kwa mkasi mkali. Asubuhi mti ulitoka nje, jua lilipokaza ulirudi kivulini. Maji hakutia kwa mazoea tena. Alichomeka kidole kwenye udongo kwanza. Ukiwa na unyevu, aliuacha. Ukikauka juu, alimwagilia mpaka maji yakatokea matundu ya chini. Kadiri mti ulivyozoea jua, ndivyo ulivyodai maji zaidi. Vile vijiti vyeupe vilinyauka, na kwenye shina yakachomoza majani madogo, mafupi, ya kijani kilichokolea. Usiku yalijikunja. Fundi alipita kwa kunyata, kama kuna mtoto amelala.

Wifi alipofika, hata mkoba hakuutua. Alikwenda moja kwa moja kibarazani. Aliuzungusha mti, akagusa udongo, akapitisha kidole kwenye kovu jipya.

"Wifi, tawi hapa limekwenda wapi?"

Fundi alimweleza yote, hakuficha kitu. Taa, maji ya asubuhi na jioni, mshale wa Flashi. Wifi alisikiliza huku ameshika mkwaju kwa mikono miwili.

"Kosa ni langu," alisema mwishoni. "Nilikwambia mwanga, sikukwambia jua. Kwangu ulikaa nje siku zote, sikujua kama jambo hilo linahitaji kusemwa."

Aliurudisha mti mahali pake.

"Huubebi?" Fundi aliuliza.

"Umeanza kuchipua, kuuhamisha sasa ni kuusumbua. Uache hapa mpaka upate nguvu. Mimi nitakuwa nakuja Jumapili tuukate pamoja, nikufundishe na kuufunga waya, matawi yafuate umbo tunalotaka."

Mumewe alitoka na birika la chai.

"Dada, zamani ulikuwa unakuja hapa kwa harusi na msiba tu."

"Sijaja kwako wewe," wifi alimjibu, akavuta kiti karibu na cha Fundi. "Tumiminie chai."