Namba Iliyomtaja Jenoveva

Mambo haya yalimkuta Loth, jirani yetu wa hapa Same, fundi wa kompyuta katika chama cha wakulima wa tangawizi. Nayaeleza kama shemeji yake Agatha alivyonieleza.

Jumatatu moja Loth alifika kazini saa mbili, akanywa chai kwa chapati, akaambiwa barua pepe za chama zinarudishwa. Hilo halikumsumbua. Kompyuta inayopokea barua huuliza kwanza: namba hii iliyotuma ni ya nani? Jina lisipolingana na la mtumaji, barua inakataliwa. Loth akaiuliza namba ya seva yao, kompyuta inayotuma barua za chama, jina lake.

Ikajibu: jenoveva.

Jenoveva alikuwa mkewe. Walimzika kijijini Myamba, juu milimani, wiki tatu nyuma, na Loth hakuwa amelia hata mara moja. Watu walisema ana roho ngumu. Wapi! Alikuwa amekufa ganzi tu.

Alifungua faili la majina, akalikuta limeandikwa humo, na nywila anaijua yeye peke yake. Kulifuta ni kazi ya dakika mbili. Hakulifuta. Barua za chama alizituma kwa simu yake, na kila alipobaki peke yake aliiuliza namba tena, alione jina lile. Siku nne aliuliza. Hakufikiri kwamba kuuliza vile ni kumwita mtu.

Ijumaa mchana namba ikajibu: beatha.

Beatha ni binti yao wa miaka saba, aliyebaki Myamba kwa mama yake mdogo, Agatha. Loth akapiga simu. Agatha alinong'ona kwamba mtoto ameacha makande yake sasa hivi, ameitika "Abee, mama," na anaelekea makaburini. Anamshika, hashikiki.

Loth alifuta jina. Likarudi. Akafuta. Likarudi. Alielewa kwamba pale panatakiwa mtu.

Akaandika: loth.

"Amekaa chini," Agatha alisema. "Anaomba maji."

"Usimwache aitike mtu asiyemwona," Loth akamwambia.

Simu haikukatwa. Agatha akasikia feni ya seva. Akasikia kiti kikivutwa. Kisha sauti ya dada yake, karibu kabisa na simu.

"Loth."

Kule milimani watu hufundishwa kutoitika sauti ya marehemu, maana anayeitika humfuata. Loth alijua pia.

"Naam," akasema taratibu.

Mlinzi, Eliezeri, anasema hakuna aliyetoka mlangoni. Ofisini walikuta simu ikiwa bado hewani, Loth hayupo. Namba sasa inajibu jina la chama, na barua zake zinafika bila shida.

Jumamosi Agatha alipanda makaburini peke yake. Aliogopa, lakini alipanda. Tuta la Jenoveva halikuwa limechimbuliwa, na maua aliyoyapanda Agatha pembeni yalikuwa yameshika vizuri. Akalipima kwa hatua, akarudia kulipima. Lilikuwa na upana wa watu wawili.