Watu Wazima Wawili, Mtoto Mmoja

“Imepanda tena, mpenzi.”

“Imepanda? Jana si ulisema inashuka?”

“Jana ilikuwa inashuka. Leo naamka, imeruka. Hizi ndege zina wazimu. Tuvute subira wiki moja, nikinunua sasa nitakuwa nimepigwa.”

Dada Pasi aliibana simu kati ya sikio na bega, mkono ukiendelea kunyoosha kola ya shati la mtu. Jina hilo alipewa na wateja. Pale kwenye duka la dobi, nguo yoyote iliyotaka mkono mwangalifu ilikuwa yake.

“Yangu ipo palepale,” akasema. “Nimeiangalia sasa hivi. Halafu mimi ndiye niko mbali na kile kisiwa kuliko wewe. Sielewi.”

“Mambo ya nauli za ndege ni marefu, Pasi. Niachie mimi.”

“Sawa. Lakini tutabonyeza pamoja?”

“Tutabonyeza pamoja. Siku moja, dakika moja. Si ndivyo tulivyokubaliana?”

“Ndivyo.”

“Umekula?”

Swali dogo tu hilo, binti wa watu akaisahau kola mkononi. Akasema amekula, na alikuwa hajala.

Miaka minne ilikuwa imepita tangu Dereva aende ng'ambo kuendesha malori. Aliaga kwa mwaka mmoja, mwaka ukazaa mwaka. Kila alipoulizwa lini anarudi, alikuwa na jibu.

“Nikija nyumbani ndugu watanigawana vipande. Wewe utaambulia kisigino.”

Basi wakapanga likizo. Wakutane katikati, kisiwani, siku kumi, wao wawili. Wakitoka huko, Dereva angekuja kwa mama mtu kusema maneno ya maana. Kisiwa alikichagua Pasi mwenyewe. Alimtumia Dereva picha kumi na moja za nyumba ya wageni yenye milango ya bluu, moja ameiandikia, “Hapa ndipo tutakunywa chai.”

Tangu hapo, kila mapumziko ya mchana alikuwa kwenye mtandao wa tiketi. Akawa anajua ndege ipi inapitia wapi, ipi inakulaza uwanjani saa tisa nzima, ipi ina bei ya kuchekesha halafu begi unalilipia pembeni. Nauli yake ilikuwa tayari, imetulia. Kilichosubiriwa ni ya Dereva tu, na ya Dereva haikutulia.

Jioni mama yake alimkuta jikoni ameinamia simu, sufuria inachemka peke yake.

“Mwanangu, hiyo nauli inayopanda kila ikifika siku ya kununua, inamjua Dereva kwa sura?”

“Mama, umeanza.”

“Sijaanza, nauliza. Yako wewe ni nzima, ina afya. Ya mwenzio kila siku ina homa.”

“Ndege zinatofautiana.”

“Haya. Mimi darasa la saba, ndege nazionea chini. Lakini hata mafuta ya taa hupanda, yakapumzika.”

Pasi alikasirika, akaamua kumfunga mama mdomo. Akamwandikia Dereva: “Naomba unipigie picha ya hiyo bei. Nimwonyeshe mama atuache tupumue.”

Kesho yake saa sita mchana jibu likaingia, na picha ya skrini: “Haya, mwonyeshe mama mkwe ajionee mwenyewe.”

Binti zangu, hapa ndipo nawaomba mtulie. Ingekuwa mwingine angeangalia ile tarakimu kubwa iliyokolezwa wino, akasikitika, akaendelea kungoja. Dobi hasomi hivyo. Dobi haingizi suruali kwenye maji kabla hajageuza mifuko yote, hata ule mdogo ambao mwenye suruali ameshausahau. Pasi akaikuza ile picha kwa vidole viwili, akaanza juu kabisa.

Kisiwa, kilekile. Tarehe, zilezile. Chini yake kwa maandishi membamba: Watu wazima 2, mtoto 1, miaka 2.

Akasoma tena. Kisha akaketi juu ya kikapu cha shuka chafu, akafungua mtandao kwenye simu yake. Akaandika mji wa Dereva, tarehe zile, mtu mmoja. Bei ikaja ndogo, chini hata ya yake. Akaongeza mtu mzima wa pili. Akaongeza mtoto. Mtandao ukasimama ukamuuliza: umri wa mtoto? Akachagua miaka miwili.

Ikaja bei ya Dereva. Haikuzidi wala kupungua hata senti.

Alingoja wenzake watoke kazini, akapiga.

“Mpenzi, nimeiona picha.”

“Umeona sasa? Si nilikwambia.”

“Umetafuta watu watatu.”

Upande wa pili kikatoka kicheko kifupi.

“Ah, hiyo. Kidole kitakuwa kimeteleza. Unajua simu yangu kioo kimepasuka.”

“Kimeteleza kikaongeza mtu mzima.”

“Ndiyo.”

“Kikateleza tena kikaongeza mtoto.”

“Pasi...”

“Na ukiweka mtoto, mtandao haukuruhusu kuendelea mpaka uandike umri wake. Nimejaribu. Umri nao umeteleza?”

Pasi akasikia mlango ukifungwa polepole huko aliko, kama mtu anayetoka chumbani asisikike.

“Wa kike au wa kiume?” akauliza.

“Wa kike.”

“Anafanana na wewe?”

“Usinifanyie hivyo.”

“Nauliza tu.”

“Wanasema macho ni yangu.”

Pasi akafumba ya kwake. Kwa miaka minne alikuwa na mtoto wake kichwani, hajazaliwa, na macho ya Dereva alishampa.

“Na kisiwa changu je? Dunia nzima hii hukuona kisiwa kingine?”

“Mama wa mtoto aliziona zile picha kwenye simu yangu. Akalia kwa furaha, akadhani nimemwandalia yeye. Ningesema nini?”

“Ungesema ni za kwangu.”

“Ningesemaje, Pasi? Wiki ya sita hii natafuta maneno ya kukwambia. Ndiyo maana nikawa nasema imepanda.”

“Kumbe haikupanda hata siku moja.”

“Ya watu watatu ilipanda kidogo.”

Hata yeye mwenyewe alisikia alivyosema. Akashusha pumzi, sauti ikawa ile ya zamani, ile ya “umekula?”

“Sikiliza, mpenzi. Wao watakaa siku saba. Nitawasindikiza uwanjani, nitasema mimi ndege yangu ni nyingine, nitabaki siku tatu. Njoo siku hizo. Nyumba ileile, tunywe chai yetu. Siku tatu, mimi na wewe. Nimekukumbuka mpaka mbavu zinauma.”

Sitawadanganya, binti zangu. Hakukata simu. Alifikiria. Kichwani alishaipata ndege inayofika kisiwani siku ya saba jioni, na alijua ina nafasi, maana aliiona mchana. Aliyaona mabega yake. Alisikia harufu ya shati lake kabla ya kufuliwa. Siku tatu kwa mtu aliyekaa na njaa miaka minne si chache.

Mkono wake mwingine ulikuwa umeshika shuka ya nyumba ya wageni ya pale jirani, iliyoletwa asubuhi. Kazi yake ilikuwa hiyo, kila siku: mmoja ametoka kitandani, mwingine anaingia, na katikati yao dobi anafuta. Akaiachia ikaanguka.

“Dereva.”

“Naam, mpenzi wangu.”

“Na mimi nimekukumbuka. Ungeniambia nije kwa miguu, wiki iliyopita ningeanza kutembea.”

“Basi njoo.”

“Siji.”

“Pasi.”

“Mnunulie mtoto kofia. Kule jua ni kali, nimesoma.”

Wakabaki hivyo, kila mmoja anasikiliza mwenzake anavyovuta hewa, simu moto sikioni, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata. Bando la Pasi ndilo lililokata.

Akasimama, akaichomoa pasi ukutani, akafunga duka. Kibanda cha vocha kilikuwa wazi ng'ambo ya barabara, hatua kumi, na muuzaji akampungia mkono kama kawaida yake.

“Dada Pasi, leo nikupe ya ngapi?”

“Leo hapana, kaka yangu,” akasema, akashika njia ya kwa mama yake.