Kasoro Tatu za Kamera ya Marehemu

Dukani kwangu kila kitu kimebandikwa bei, na chini ya bei nimeandika ubovu wake. Redio hii inashika stesheni moja tu. Saa hii inawahi. Anayetaka anunue, asiyetaka apite, njia ni pana. Wananiita Msumari, eti kwa sababu sipindi. Sawa. Kazi hii nilijifundisha mwenyewe, kwa kufungua vitu vilivyokufa na kuvirudishia roho, na katika kujifundisha huko sikuona mahali palipohitaji uongo.

Mume wa mdogo wangu wa kike alikuwa na duka ukuta kwa ukuta na langu. Naye aliuza vya kale: kamera za filamu, saa za mnyororo, kalamu za wino, sarafu zilizoacha kutumika, vitu ambavyo watu hununua ili waviweke kabatini na kuvitazama tu. Mtaa mzima ulimwita Kasoro. Hakuwahi kununua kitu bila kukitia ila kwanza. Kizima atakwambia kina ufa, na ufa atakuonyesha. Muuzaji aliingia kwake na mali ya babu yake akatoka anashukuru kwamba ametuliwa takataka.

"Unawaibia watu," nilimwambia, si mara moja.

"Shemeji, mimi siibi. Naongea tu. Wao ndio wanaokubali."

Asubuhi hiyo jua lilikuwa limetoka vizuri. Nilikuwa nimefungua redio ya mteja, nyaya zote juu ya meza, Kasoro akaja akaegemea mlango wangu huku akitafuna kijiti.

"Funga kidogo, shemeji. Kuna mama mjane anauza vitu vya mumewe. Nataka unipimie kamera moja."

"Nikipima, nasema nilichokiona."

"Sema ukishatoka nje," akacheka.

Nyumba ilikuwa nyuma ya karakana za maseremala, na vumbi la mbao lilikuwa limetanda hadi kizingitini. Ndani hapakuwa na chembe ya vumbi. Sebule ilikuwa ndogo, na ukuta mmoja wote ulikuwa kabati la vioo. Rafu zilikuwa na mapengo, sehemu ambazo vitu vimeshauzwa. Mama mwenyewe alikuwa mwembamba, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, anapinda ncha ya kitambaa kwa sindano. Alitukaribisha, akatoa kamera kwenye mkoba wake wa ngozi, akaiweka mezani, akarudi kwenye sindano yake.

Niliipima. Nimeshika kamera nyingi, nyingine mbovu hata panya hataki kulala ndani yake. Hii ilikuwa haina neno. Ngozi iliyoivika ilishika barabara. Lenzi ilikuwa safi kama maji ndani ya glasi. Nilibonyeza kitufe, ikalia klik, ikafunga na kufunguka kama jicho la mtoto.

"Mia tisa," mama alisema.

Bei ilikuwa ya haki. Mimi mwenyewe ningeiandika hiyo hiyo.

Kasoro akaichukua. Akaigeuzageuza, uso umekunjamana kama aliyeonja ndimu. Kisha kwa ukucha wa dole gumba, upande wa chini ambao mama hauoni, akakwangua pembe ya ngozi mpaka ikainuka.

"Mama, ngozi inabanduka."

Mama hakuinua kichwa. "Umeiona inabanduka?"

"Nimeiona. Hii hapa."

"Mia saba."

Kasoro akasogea dirishani, kama anayetafuta mwanga. Akaipulizia lenzi. Pumzi moja ndogo, ya joto, mgongo kautupa kwa mama. Akageuka haraka kabla haijakauka.

"Na lenzi imeota ukungu. Ukungu huu ukishaingia hautoki, unakula kioo."

"Shemeji, kioo hicho ni kizima," nilisema, wala sikunong'ona. "Umekipulizia wewe."

Alinikanyaga mguu. Lakini mama alikuwa ameshasikia. Alivaa miwani, akanitazama mimi, sio yeye, akasema taratibu, "Mwache, baba. Anayenunua ni yeye."

Kisha akamgeukia. "Ukungu umeuona?"

"Nimeuona, mama."

"Mia tano."

Ningekuwa mimi ningeishia hapo. Karibu nusu ya bei ya mali nzima, unataka nini tena? Lakini Kasoro alikuwa ameshanoga. Alikiegemeza kidole kwenye kichuma cha pembeni mwa kamera ili kisirudi, akabonyeza kitufe. Kamera ikafumba, ikabaki imefumba.

"Unaona? Ikifunga, haifunguki tena. Hii kwa kweli imekufa. Nakusaidia tu kuitoa nyumbani."

Mama akaweka sindano chini. "Sema tena. Zote tatu."

Akazisema bila haya, kama anayesoma bei za sokoni: ngozi inabanduka, lenzi ina ukungu, ikifunga haifunguki tena.

"Mia mbili," mama alisema, akanyoosha mkono. Wakashikana. "Bei umepanga wewe. Kasoro umezitaja wewe. Nimekuuzia kamera na kasoro zake."

Alipoachia, alijifuta kiganja kwenye gauni lake. Mabega yalimshuka, kama mtu aliyetua ndoo.

Mlangoni Kasoro, kwa maringo yake, alionyesha pengo moja kabatini. "Hapo palikuwa na nini?"

"Saa. Aliyeinunua alisema imesimama."

"Akaitengeneza?"

"Sijui, baba," mama alisema. "Wateja wangu hawarudi."

Tulirudi mimi nimenuna, yeye anapiga mluzi. Kamera aliiweka dirishani kwa bei ambayo hata sitaki kuiandika. Na maneno yakageuka, si unajua? Kwenye kununua ilikuwa mfu, kwenye kuuza ikawa bibi harusi.

Mteja wa kwanza alikuwa daktari wa meno, mtu anayekusanya kamera kama wengine wanavyokusanya wajukuu. Aliikagua muda mrefu. "Ngozi haijaguswa," alisema. Kasoro aliniita niithibitishe. Nikaipindua, nikatafuta pale alipokwangua.

Hapakuwa na alama. Ngozi ilikuwa imelala, laini, kama haijawahi kuinuliwa.

Nikainua macho nimwambie. Alikuwa anajikuna mkono. Nyuma ya kiganja, karibu na dole gumba, ngozi yake ilikuwa imeinuka pembe. Haikuwa na damu wala usaha. Ilijikunja tu, kavu, kama kona ya ukurasa. Daktari naye aliiona. Aliirudisha kamera mezani polepole na kusema atapita kesho. Hakupita.

"Sabuni tu hiyo," Kasoro alisema. "Mke wangu amebadilisha sabuni."

Mdogo wangu hakuwa amebadilisha sabuni. Alikuja dukani kwangu mwenyewe, kanga kaibana kwapani, sauti iko chini.

"Kaka, njoo umwone jicho."

Nyumbani kwao Kasoro alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, mkono umefungwa kitambaa mpaka kiwiko. Jicho la kulia lilikuwa na weupe. Nimeona mtoto wa jicho kwa wazee wengi. Huu haukuwa huo. Ulikuwa duara, mwembamba, kingo zake zinayeyuka. Hospitali walimwambia hawajaona kitu kama hicho, na nesi mmoja, bila kufikiri, akasema kinafanana na kioo mtu alichokipulizia.

Nesi yule hakuwa na habari na lolote.

Nilimpeleka mdogo wangu jikoni nikamweleza yote, kuanzia ukucha. Alisikiliza huku anakausha sahani ile ile.

"Alitaja kasoro ngapi?"

"Tatu."

"Ya tatu ni ipi?"

Nikamwambia. Sahani aliiweka chini kwa mikono miwili.

"Nendeni mkamlipe yule mama," alinong'ona. "Chochote anachotaka. Kaka, nenda naye. Mdomo wake naujua."

Tulikwenda mchana ule ule. Maseremala walikuwa wanapiga randa. Mama alikuwa palepale, kitambaa kile kile, kama hajaamka. Kasoro aliweka kamera mezani kwa mkono mzima.

"Mama, nimekuja kukurudishia."

"Sirudishiwi mali iliyouzwa."

"Mama, naomba," nikadakia. "Mwenzangu alikosea. Mwambie afanye nini."

Alifikiri. Nje randa ilinyamaza.

"Aseme ni nzima," alisema. "Kisha ataje bei yake ya haki. Kwa mdomo wake. Nikisikia bei ya haki, tutashikana mikono upya."

Nilipumua. Jambo dogo kama hilo. Bei ya haki aliijua, mama mwenyewe alikuwa ameitaja. Mtoto angeisema.

"Ni nzima," Kasoro alisema.

"Bei yake?"

Akalamba midomo. Nilimwona. Jicho moja jeupe, mkono unabanduka, na bado nilimwona anapiga hesabu.

"Mia tano."

Mama akachoma sindano kitambaani.

"Shemeji," nikamnong'oneza. "Mia tisa."

"Tulia. Biashara haigombi." Akamgeukia mama, na sauti ikawa ile ile ya dukani, tamu, ya kubembeleza. "Basi mia sita, mama. Tuelewane."

Sindano ikapita tena.

"Sema mia tisa, wewe." Nilimshika bega nikalikamua. "Pesa ninayo mimi, nitalipa mimi. Sema tu."

"Mia saba na nusu. Na hapo nimejiumiza, mama, wallahi."

Mama alikata uzi kwa meno. Akaitazama kamera, kisha akaisogeza upande wetu kwa ncha ya kidole.

"Nenda salama, baba," alisema. "Umeshanunua."

Njia nzima nilitembea mbele yake. Nilikuwa na hasira za kumpiga. Yeye ananiambia, "Angeshuka, shemeji. Ungeniacha kidogo tu, angeshuka hadi mia nane." Ndilo neno la mwisho nililolisikia kwake. Nalikumbuka na uchungu wake wote. Mtu anapunguziwa nini, jamani, anapouziwa jicho lake mwenyewe?

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, alikaa kwenye kiti cha dirishani. Mdogo wangu alikuwa anaosha vyombo. Kamera ilikuwa ndani ya mkoba, juu ya kabati, mkoba umefungwa.

Alisikia klik.

Alidhani mumewe anaijaribu. Alimwita. Hakuitikia. Alikwenda na mikono yake ya povu akamkuta ameegemea, jua limempiga usoni, macho yamefumba.

Mkoba ulikuwa juu ya kabati. Umefungwa.

Mganga wa zahanati alikuja akasema amekufa. Alitaka kumtazama jicho, akashindwa. Kope hazikufunguka. Alijaribu kwa vidole viwili, taratibu, kisha kwa nguvu kidogo. Akaacha. Alinawa mikono muda mrefu na hakutaka chai.

Nilirudi kwa yule mama na mia saba zilizobaki, zitimie tisa. Nilitaka nilipe nimalizane naye. Hakuzipokea.

"Wewe hukuitia kasoro," alisema. "Sina biashara na wewe."

Mdogo wangu hakutaka kamera ile ilale nyumbani. Nikaichukua. Iko dukani kwangu, rafu ya juu, ndani ya kabati la kioo ambalo ufunguo wake nauvaa shingoni. Nimeibandika bei: mia tisa. Chini ya bei, pale ninapoandika ubovu, nimepaacha wazi. Nimeshika kalamu, nimeiweka. Wateja wanauliza, "Mzee, hii ina tatizo gani?" Nawaambia wajitazamie wenyewe, lakini wasiseme kitu.

Kwa sababu kila nikifungua duka asubuhi, lenzi ina ukungu. Duara dogo, kingo zinayeyuka. Mwanzo nilidhani ni unyevu wa usiku. Nikatoa kitambaa nikafuta.

Kitambaa kilitoka kikavu. Ukungu uko ndani ya kioo.

Nikaisogeza dirishani niione vizuri. Ukungu ukafifia mpaka ukaisha. Kisha ukarudi. Ukafifia. Ukarudi, taratibu, kwa kipimo kile kile, kama pumzi ya mtu aliyelala.